Sahani ya Pamela

Ugali ulikuwa unafuka kwenye sinia, dagaa wa Nyasa katikati, na Pamela akafanya tena kile kile: akachukua sahani yake, akajikatia kipande, akachota dagaa, akakaa pembeni ya mkeka.

Jirani Lidwina, aliyekuja kuomba chumvi tu eti, akamtazama Beata. Beata akainama.

Nyumba hii wanakula sinia moja. Anayejitenga anasema bila kusema: mpishi simwamini, huenda kaniwekea kitu. Na mpishi ni Beata, mama mdogo aliyemlea Pamela tangu darasa la pili. Hilo haliumi?

"Mwenzangu," Lidwina akasema, "huyo ama anaficha mimba, ama kakuona mchawi."

"Muuguzi ndiye aliyeniambia nile kwenye sahani yangu," Pamela akasema.

"Si kahamishwa? Waliobaki hospitali wanasemaje?"

"Wanasema sina ugonjwa. Nikale."

"Ehee!" Lidwina akapiga kofi.

Beata akashindwa kuvumilia. "Mwanangu, nimekukosea nini? Miaka yote si tulikula wote hapa?"

"Sikuwa nakula, mama." Pamela akaisogeza sahani mbele yake. "Nilikuwa namega tonge, nalizungusha mkononi, nawaachia ninyi. Kidogo nilichomeza, nilikwenda kukitapika. Kwenye sinia nani ataona? Sahani ikibaki na kitu, inaonekana."

Maneno gani hayo! Beata angeamini vipi, yeye aliyekuwa anamsukumia dagaa upande wake kila siku? Akanyoosha mkono, akamega tonge nene kwenye sahani ya Pamela, akachovya, akameza kwa nguvu.

"Haya. Nimeonja, sijafa. Sasa rudi kwenye sinia."

Pamela aliangalia pengo kwenye ugali wake, na aibu ikampanda, kwa sababu alifurahi. Chakula kimepungua, na safari hii hakuna wa kumlaumu.

Akaisogelea sinia, akamega tonge kubwa kuliko lile, akaziba pengo.

"Hata nilipogusa hupataki?" Machozi yalikuwa yanamlenga Beata.

"Ulichokula kilikuwa changu, mama. Nakirudisha." Akaketi mbele yake, magoti yakigusana. "Niangalie mpaka nimalize. Halafu usiniache niende chooni peke yangu."

Lidwina akachukua chumvi yake, akawahi kwenda kusimulia. Beata akabaki anaufuata mkono wa Pamela, kutoka sahanini hadi mdomoni. Bado hamwamini, lakini hakubandua macho.