Nyasi za Sebuleni kwa Kokwijuka

Kila Jumamosi, kabla ya mazoezi ya kwaya, Kokwijuka aliondoa nyasi kuukuu sebuleni, akafagia, akatandika mpya alizokata kilimani asubuhi. Ndivyo ilivyokuwa desturi ya nyumba nyingi za Kituntu, mwaka ule wa foleni za sabuni. Tofauti ni kwamba za kwake zilikuwa zinaota.

Hazikuota ovyo. Akimtukana Nyirabageni, kibarua wake aliyetoka Rwanda, basi pale aliposimama nyasi zilishika mizizi. "Mkimbizi wewe" ilitoa majani ya kufika kwenye kifundo. Siku aliposema "huko kwenu mlizoea kulishwa," zilifika magotini, mumewe akatafuta viatu humo akavikosa, akaenda Omurushaka na ndala.

Kokwijuka hakupenda kutukana. Aliomba alfajiri, akasema leo mdomo huu naufunga. Kisha mkungu ukaangushwa vibaya, au maharage yakaungua, na mdomo huo ukafunguka wenyewe. Jioni alimfuata Nyirabageni uani.

"Nisamehe, mwenzangu."

"Yameisha, mama Auleria," Nyirabageni alijibu, akila peke yake chini ya upenu, maana vibarua hawakuketi kwenye jani la mgomba lililotandikwa chakula cha familia.

Kwaresima ilipofika, Kokwijuka akaona haya. Kutubu, kufyeka, kuota tena: Mungu naye si atachoka? Akaacha vyote. Wiki ya pili sebule ikawa kichaka, mbuzi wa jirani yake Dafroza wakawa wanaingia kujilisha. Jumatano moja Auleria, ambaye ndiyo kwanza anatambaa, alisikika akilia humo ndani lakini hakuonekana. Mama yake aliingia upande huu, Nyirabageni upande ule, wakipapasa. Nyirabageni ndiye aliyempata, karibu na ukuta, kashika yai la kware.

Kuanzia siku hiyo Kokwijuka alifyeka bila kungoja Jumamosi.

"Waitu, mama Auleria," Dafroza alimcheka kutoka mlangoni, akiwatoa mbuzi wake. "Leo unafyeka, kesho zimeota. Si uwaachie hawa tu, wanenepe?"

"Zikiota nafyeka."

"Mpaka lini?"

"Mtoto anatambaa, Dafroza. Atambae wapi?"

Wiki ya Pasaka hazikuota hata unyasi mmoja. Jumapili, baada ya ibada, ndizi zilipakuliwa kwenye jani, zikifuka mvuke. Nje mvua ilikuwa inanyesha. Nyirabageni alileta maji ya kunawa, mabega yameloa, akasimama mlangoni. Kokwijuka akampakata Auleria, na hapo kwenye jani, kati yake na mumewe, ikapatikana nafasi ya mtu mmoja. Maneno ya kumkaribisha alikuwa ameyaandaa wiki nzima. Mumewe akakohoa.

"Chakula chako kiko jikoni," Kokwijuka alisema, kwa upole kabisa.

"Asante, mama."

Nyirabageni akaenda kukichukua, akaketi chini ya upenu, akavuta miguu ndani kukwepa matone.

Kokwijuka alihisi unyasi mbichi ukisukuma chini ya goti lake. Akamkabidhi mumewe mtoto, akainuka kutafuta mundu.