Soksi Juu ya Balbu

Kwetu Lika, huko milimani, msichana hakutamka kwamba amempenda mtu. Aliachia kijiti. Jioni za baridi wanawake tulikutana kwa Bibi Stana kusokota sufu, vijana wa kiume wakija kukaa kwenye benchi la upande wa pili. Msichana aliyetaka kusindikizwa nyumbani alikiacha kijiti chake cha kusokotea kianguke na kubingirika hadi miguuni pa kijana aliyemtaka. Aliyekiokota ndiye aliyemsindikiza. Akikiokota jioni baada ya jioni, wazazi walianza kuzungumza habari za harusi.

Draginja, binti wa dada yangu, alimtaka Dane, fundi wa magurudumu. Kila jioni aliachia kijiti kuelekea kwa Dane, na kila jioni kiliokotwa na Rade. Chumba kilikuwa na moto wa jikoni na taa moja ya mafuta. Chini ya magoti hukuona kitu. Rade alikuwa na mikono myepesi na hakuona haya kutambaa. Dane alikuwa mtu wa kufikiri kwanza, na alipomaliza kufikiri kijiti kilikuwa kimeshakwenda. Simlaumu Rade. Huenda aliamini kweli kwamba kilikuwa chake.

Lakini kijiji nacho kiliamini hivyo hivyo, na baba yake Rade akatuma habari kwamba Jumapili atakuja kuposa. Shemeji yangu, baba yake Draginja, alishasema hana pingamizi.

“Si umwambie baba yako?” nilimuuliza Draginja.

“Nimwambieje, mama mdogo? Ataniuliza kwa nini Dane hajawahi kuokota. Na Dane naye anadhani namtaka Rade. Ameanza kuniita shemeji.”

“Hata wewe umezidi kutupa ovyo.”

“Natupa sawasawa. Ni giza tu.”

Ndiyo maana alizisubiri nyaya za umeme kuliko mtu yeyote kijijini. Nguzo zilikuwa zimefika tangu majani yalipoanguka, na wazee walizitazama kama watu wanaorudishiwa mali yao. Tesla, aliyebuni njia ya kuusafirisha umeme mbali, kutoka kwenye maji yanayoanguka hadi jikoni kwa mtu, alizaliwa mwendo mfupi tu kutoka kwetu, mtoto wa kasisi wa kijiji cha Smiljan.

“Amewawashia Wamarekani kwanza,” alinung'unika Bibi Jeka, jirani yake Stana. “Sisi wa nyumbani tunaletewa makombo.”

“Wewe Jeka hata makombo utayalalamikia,” alijibu Bibi Stana.

Taa iliwaka Jumamosi, siku moja kabla ya posa. Tulipoingia jioni ile, balbu ilikuwa inaning'inia uchi katikati ya chumba, na kwanza hakuna aliyesokota. Tulitazamana. Niligundua kwamba Rade ana madoa usoni. Kisha Bibi Jeka akainua macho kwenye dari.

“Stana, ule mweusi ni moshi, au umepaka rangi?”

Bibi Stana alichukua ufagio akafagia chini ya mabenchi, tena chini ya miguu yetu, akatoa maganda ya viazi ambayo nadhani yalikuwa ya mwaka uliopita. Alipoona buibui kwenye kona uvumilivu ukamwisha. Alipanda kigoda, akavua soksi yake moja nene ya sufu, akaivika balbu.

“Hivi ndivyo nyumba ya Mkristo inavyotakiwa kuwa,” alisema.

Giza likarudi. Draginja alinitazama kama mtu aliyefungiwa mlango usoni.

“Bibi Stana, hatuoni uzi,” alisema.

“Mama yako alisokota hapa hapa, na bado mna blanketi. Sokota hiyo sufu.”

Tukasokota. Benchi la vijana likaanza mizaha yake. Draginja alingoja, kisha akaachia kijiti kama kawaida, maana jioni ilikuwa ni hiyo tu iliyobaki.

Hapo ndipo harufu ilipotufikia.

“Jeka, viazi vyako vinaungua majivuni,” alisema Bibi Stana.

“Viazi vyangu nimeshavila.”

“Basi nani anachoma kondoo?”

Soksi ilikuwa inafuka moshi. Bibi Stana alipanda kigoda akaivuta kwa upawa, na mwanga ukatumwagikia wote kwa ghafla. Rade alikuwa kwenye magoti na viwiko, mkono mmoja umepita katikati ya buti za Dane. Na uzi mweupe wa Draginja ulilala sakafuni, umenyooka, kutoka mapajani pake mpaka kwenye buti hizo hizo.

“Rade, mwanangu,” alisema Bibi Jeka taratibu, “umepoteza nini huko?”

“Nimeokota kijiti.”

“Naona. Umekiokota miguuni pa mwenzio.”

Watu walicheka, Rade naye akacheka kidogo, lakini hakukiachia. Draginja akauvuta uzi. Kijiti kikamponyoka Rade na kurudi kwa mwenyewe, naye akakitupa tena, mbele ya macho ya wote, bila kusingizia kwamba kimemponyoka. Kilisimama kwenye ncha ya buti ya Dane.

Dane akakitazama. Akafikiri.

“Dane, kiokote,” alisema Bibi Stana. “Umeme unalipiwa.”

Akakiokota. Alikuwa mwekundu mpaka masikioni, na sote tuliona.

Jumapili baba yake Rade alikuja hata hivyo, kwa kuwa chupa ya kuposea, ya pombe ya plamu, ilikuwa imeshafunguliwa. Alimkuta baba yake Dane ameshatangulia kuposa, ameketi na chupa yake, wakanywa zote mbili.

Bibi Stana alipaka dari chokaa wiki ile ile. Soksi aliitia kiraka akiwa chini ya mwanga wa balbu, akatunga uzi kwenye tundu la sindano mwenyewe, na safari hii hakumwita mtu amsaidie.