Vioo Viwili vya Mlango wa Chekechea

Vioo viwili vya mlango vilitoka tanuruni asubuhi ile mashine ya kupuliza hewa ikiwa imezimika. Sifuna alijua. Miaka kumi na sita alikuwa kwenye kiwanda cha vioo cha Thika: kioo hupashwa moto mpaka kikaribie kulegea, halafu hupulizwa hewa baridi ghafla pande zote mbili, ngozi yake ikajikaza, hata kikivunjika kiwe punje zisizokata. Kikipoa polepole, moto umepotea bure. Kinabaki kioo cha dirisha tu. Kwa macho huwezi kukitofautisha na kile kigumu.

"Pakia, gari inangoja," msimamizi alisema. "Nani atajua?"

Sifuna akatia sahihi kwamba viko sawa, akapakia.  Mchana akaomba ruhusa, akaenda Ruiru, akaingia mtaa wa Mwiki kutafuta shule ya chekechea aliyosoma jina lake kwenye karatasi ya mzigo.

Fundi Macharia alikuwa ameshafunga kioo kimoja mlangoni. Cha pili kiliegemea ukuta. Watoto walikuwa wamelala usingizi wa mchana darasani.

"Mwalimu," Sifuna alimwambia Waruguru, mwenye shule, "hivi vioo si salama. Mtoto akivigonga akikimbia, vitamchinja."

Macharia akacheka. "Huyu mzee ametumwa na watu wa milango ya mbao. Hii ni ile ngumu, mwalimu."

"Nipe kile kidude chako cha kukatia vioo."

"Ya nini? Hii haikatwi. Ukiichora tu itamwagika yote kama punje za mahindi, na utalipa."

"Ndiyo maana nakuomba."

Macharia akampa, kisha akarudi nyuma hatua tatu. Sifuna akachora mstari kwenye pembe ya kioo kilichoegemea ukuta, akagonga kidogo. Hakikumwagika. Kipande kilitoka safi, kirefu, kikali kama kisu cha kuchinjia mbuzi.

"Haiya," Macharia alisema polepole.

Waruguru akakishika kile kipande kwa leso. "Nani alisema viko sawa?"

"Mimi. Na nilijua."

Akamtazama. "Una watoto?"

"Watatu."

"Nitapiga simu kiwandani sasa hivi, na nitataja jina lako. Siwezi kukuficha, baba."

"Taja."

Macharia alikuwa ameshaanza kufungua skrubu za kile cha mlangoni. "Shika huku, mzee, kisituangukie."

Sifuna akakikumbatia. Nyuma yao Waruguru alikuwa akisema kwenye simu, "Ndiyo, yuko hapa. Anaitwa Sifuna."