Mistari Minne ya Dirisha

Kila mwaka, wiki hiyohiyo, shemeji yangu huniua upya. Yeye ni mhariri wa michezo wa gazeti la jioni. Mimi ndiye ninayelichapa. Safu yake ya kumbukumbu za wiki, siku kwa siku, hutoka Jumatatu: kuna mkimbiaji aliyevunja rekodi, kuna bondia aliyeinuka baada ya kuhesabiwa tisa, na kwenye Alhamisi nipo mimi, golikipa aliyepitishiwa mpira katikati ya miguu, fainali, dakika ya themanini na tisa. Tangu siku hiyo naitwa Dirisha.

Mwaka huu nilimfuata mezani kwake. Binti yangu amechaguliwa kuidakia timu ya shule, na mechi yake ya kwanza ni Alhamisi hiyohiyo.

"Ni mpwa wako," nikamwambia. "Ruka mwaka mmoja tu."

"Historia haina shemeji," akajibu bila kuinua macho. "Ungedaka, ningeandika umedaka."

Nilimchukia mpaka meno yakaniuma. Bamba la kuchapia ukurasa wake lilipofika mashineni, nikachukua msasa laini, nikaisugua mistari yangu minne ikaisha. Nikachapa. Nilijiona mjanja.

Ujanja gani. Gazeti lilitoka na pengo jeupe kama jino lililong'olewa, na wasomaji wakapiga simu mpaka usiku: Alhamisi kulikuwa na nini? Shemeji hakugomba. Jumanne akaleta ukurasa mzima: kisa chote, picha yangu nimepiga magoti wavuni, na habari ya mchapaji aliyejifuta mwenyewe. Akasimama kando ya mashine, mikono mfukoni, mpaka nilipochapa nakala ya mwisho.

"Mficha maradhi, shemeji," akasema, akaniachia nimalizie mwenyewe.

Alhamisi binti yangu alirudi na goti limechubuka, akatupa glavu mezani.

"Mmefungwa?"

"Tumeshinda. Ila wamenizomea mechi nzima."

"Kwa sababu ya goli langu."

"Goli lako nalijua tangu darasa la pili, baba. Mjomba alinionyesha. Ndiyo maana nikataka kudaka." Alikuwa akivua soksi, haniangalii. "Leo kila nikigusa mpira wanaimba, 'Futa, futa.' Kufungwa kwako sikuwahi kukuonea haya. Huo msasa ndio naouonea haya."

Nikazichukua glavu nikazioshe tope. Akaninyang'anya.