Istihara ya Glasgo

Tibirinzi nzima inanijua kwa utani. Nimemtania imamu, nimemtania bwana shamba, na mbuzi wa Mzee Safari nimemtania mpaka akaacha kula. Lakini la dini silifanyii mzaha. Hilo hata wasionipenda wanalikubali.

Mwaka huo karafuu zilizaa mpaka tukazichukia. Alfajiri tuko juu ya mikarafuu, jioni tunachambua vikonyo mpaka kucha zinageuka rangi. Katikati ya uchovu huo ikaja fomu kutoka skuli: serikali itampeleka kijana kusomea uinjinia ng'ambo. Niandike fani moja na chuo kimoja, baba atie sahihi, irudi kabla ya Ijumaa.

Chuo nilishakichagua: cha Glasgo, huko Uskochi. Jirani yetu Mmanga, aliyewahi kutia makaa kwenye meli ya serikali, aliniambia mashine yake ina kibao cha shaba kilichoandikwa Glasgo.

"Yakhe, kitu cha Glasgo hakifi," alisema.

Basi. Cherehani tunaichagua kwa kibao, karabai kwa kibao. Kwa nini chuo nisikichague vivyo hivyo? Na fani ikajichagua yenyewe: mitambo ya meli. Sikujua hata moto wake unawashiwa upande gani, ila barazani walishaanza kuniita Injinia Glasgo, na jina lilinikaa vizuri kuliko kanzu ya Idi.

Baba yangu, Mzee Nyange, aliitazama fomu muda mrefu. Ilikuwa saa nne asubuhi, ndiyo kwanza tumetua magunia.

"Na hii ya barabara na madaraja?"

"Hiyo iko Bara, baba. Chuo chenyewe hakina jina."

"Mama yako tulimbeba kitandani kutoka Shumba. Tope likatufika magotini. Hatukumfikisha hospitali." Hata huzuni ilionekana kumchosha. "Ila mie sikusoma. Kaswali istihara, umwombe Mungu akuoneshe. Litakalokuja, nitalitilia sahihi."

Shangazi yangu, Bi Moza, akanijazia birika la udhu, akaliweka kizingitini, akarudi kwenye vikonyo vyake.

Niliingia chumbani nijinyooshe kidogo kwanza. Hicho kidogo kilikwenda hadi karibu na adhuhuri, bila rakaa wala ndoto. Nikatoka nikijipangusa uso.

"Nimeona meli nyeupe, baba. Ubavuni imeandikwa Glasgo."

"Na herufi umeziona?"

"Moja moja."

Nilingoja abishe kidogo. Hakubisha. Alijifuta utomvu kwenye shuka, akashika kalamu, akaandika jina lake taratibu kwa herufi za Kiarabu. Wino ukamchafua vidole.

"Basi," akasema. "Barabara itamngoja mwengine."

Nikaikunja fomu. Bi Moza akainuka, mkono kiunoni, akalifuata birika pale kizingitini.

"Kaka, nyosha mikono unawe huo wino."

Akamimina. Wino ukatoka, maji yakaendelea kuja. Akamimina mpaka uani pakafanya dimbwi, na birika bado zito mkononi mwake.

"Yatosha, Moza. Maji yote haya ya nini?"

"Ni yale niliyomjazia mwanao saa nne," akasema. "Nimeyakuta hayajapungua hata tone."

Baba hakunitazama usoni. Alinitazama miguu, na vumbi la mikarafuuni lilikuwa lingali pale pale, kavu, hadi kwenye vifundo.