Kicheko cha Dubu Mcheshi

Kuna watu Mungu kawapa sauti ya kuimba, wengine kawapa miguu ya kukimbia. Bi Kwakwakwa alipewa kicheko, na jamani, alipewa bila kupimiwa. Kilianza kama mlango wenye kutu: kwiii, chembamba, kinatokea puani. Halafu kimya. Kimya hicho ndicho kilichowaponza wageni, maana walidhani yameisha, wakarudi kwenye mazungumzo yao. Hapo ndipo kilipolipuka: kwa-kwa-kwa-kwaaa! Vikombe vinacheza mezani, paka anapitia dirishani, na mwenyewe anajipiga mapaja, machozi yanamtiririka, anaomba maji kwa mkono kwa sababu sauti haitoki. Ndiyo asili ya jina. Lile alilopewa na wazazi wake liko kwenye kitambulisho, na huko huko likae.

Alifanya kazi kwenye karakana ya midoli, nyuma ya duka la magodoro. Mmoja anakata kitambaa, mwingine anashona na kugeuza, na Bi Kwakwakwa ni wa mwisho: anajaza pamba. Pale pamba haikuingizwa mgongoni kama kwa mafundi wengine. Iliingia mdomoni. Unamshika dubu kidevu, unamsindilia kwa kijiti mpaka tumbo lijae, kisha unamfunga mdomo kwa uzi mweusi, na uzi huo ndio tabasamu lake. Kwa hiyo tabasamu la kila mdoli lilitegemea mkono wa Bi Kwakwakwa, na mkono wa Bi Kwakwakwa ulitegemea kama siku hiyo kuna mtu kamchekesha.

Sasa, siku moja msimamizi, mtu wa kujiheshimu, tai mpaka kooni, alisimama kuwahutubia habari za nidhamu kazini. Kumbe alikuwa amekalia kiti chenye gundi mbichi, na nyuma ya suruali kanasa mkia wa sungura. Akigeuka, mkia nao unageuka. Bi Kwakwakwa alikuwa katikati ya kumfunga dubu mdomo. Alijikaza kisabuni, akauma ulimi, akajilazimisha kukumbuka jino lake lililong'olewa bila ganzi. Wapi! Kicheko kikamtoka, mkono ukaenda wenyewe, na sindano ikakimbia na uzi mpaka chini ya jicho. Alipofuta machozi alimkuta dubu ana mdomo wa sikio hadi sikio, umepinda, pamba inachungulia katikati ya nyuzi. Msimamizi akamtazama dubu, akamtazama mshonaji. "Hiki si cha kuuza," akasema. "Mtoto akipewa hiki ataweweseka mpaka azeeke." Dubu akatupwa kwenye sanduku la walioharibika.

Humo alikaa mpaka alipokuja kijana mmoja mwenye mkoba mgongoni na macho mekundu ya kukosa usingizi. Alijieleza kwamba anatengeneza michezo ya kompyuta, ile ya kutisha, na anatafuta mdoli wa kuwa zimwi la mchezo wake mpya. Bi Kwakwakwa akamchomolea yule dubu. Kijana akarudi nyuma.

"Mama! Huyu nani kamfanya hivi?"

Sura aliyoifanya! Bi Kwakwakwa alimtazama yeye, akamtazama dubu, na pua ikamsaliti: kwiii. Kimya. Kijana akainama kufungua mkoba. Kwa-kwa-kwa-kwaaa! Mkoba chini, kijana ukutani. Akasimama pale anahema, kisha taratibu uso ukamng'aa.

"Mama, nakuomba. Cheka tena, nikurekodi."

"Mwanangu, hiki hakichekwi kwa kuagizwa."

Lakini kumwona mtoto wa watu kapiga goti, kamwelekezea kipaza sauti kwa adabu zote kama anamhoji mheshimiwa, kulitosha. Alicheka mpaka betri ya kijana ikaisha.

"Sasa nimebakiza hadithi," kijana akasema, kajibwaga juu ya furushi la pamba. "Huyu dubu kwa nini ni mbaya? Lazima pawe na chanzo. Tuseme alitengenezwa na mchawi?"

Bi Kwakwakwa alikasirika kabisa. "Mchawi wa nini? Nimemjaza mimi! Huyu hana ubaya wowote." Akamvuta mdoli mwingine akaanza kumsindilia, na mkono ukifanya yake, mdomo ukasimulia. "Huyu alitengenezwa acheke. Akanunuliwa na watu wastaarabu. Akicheka mezani, anaambiwa shh. Akicheka mbele ya wageni, shh, unatuaibisha. Naye aliwapenda wale watu, ndiyo shida. Akajaribu kunyamaza, akashindwa. Basi wakamshona mdomo. Si kwa ubaya, ni kwa ajili ya wageni. Lakini kicheko ukikizuia hakiendi popote, kinarudi tumboni, kinakaa huko kinaumuka. Dubu akavimba, akavimba, akawa kama kabati la nguo, mpaka siku moja nyuzi zikakatika."

"Akawala?"

"Akawala nini, wewe! Akacheka. Wao ndio waliotimua mbio. Sasa anawafuata ili wacheke pamoja, na kadiri anavyowafuata ndivyo wanavyokimbia. Ndiyo maisha yake hayo, maskini."

Kijana alikuwa anaandika kwa kasi huku anapenga kamasi. Akamnunua dubu, akashukuru mara nyingi kuliko ilivyohitajika, akaenda zake.

Mchezo ulipotoka, ulienea kama mafua. Watu walijifungia vyumbani wakatembea ndani ya jumba tupu kwenye kioo cha simu, na mara, nyuma yao: kwiii. Halafu kimya. Halafu mayowe, na hayo ni ya mchezaji, si ya dubu. Bi Kwakwakwa hakuwa na habari mpaka alipocheka kwenye foleni ya duka la dawa. Jitu la miraba minne lililokuwa mbele yake liliruka kaunta likaenda kumkumbatia mfamasia. Tangu hapo akicheka mtaani, madirisha yanafungwa. Loo, alivyofurahi! Mjane wa watu, kazi yake kusindilia pamba, leo anawatoa nduki wanaume wazima! Akampigia simu binti yake, akitegemea wavunjane mbavu.

Binti hakucheka. Alikuwa mkutubi, mtu wa kunong'ona, nywele zimebanwa na maneno yamepimwa. "Mama," akasema, "Jumamosi wakwe wanakuja nyumbani. Baba mkubwa wa mchumba wangu ni hakimu mstaafu, na neno lake ndilo la mwisho. Naomba sana. Siku hiyo moja tu, usicheke. Unakumbuka makaburini."

Angesahau vipi? Siku walipomzika mumewe, kicheko kilimtoka mbele ya umati, kwa uchungu, kama wengine wanavyotokwa na kwikwi. Mawifi na mashemeji walisusa wakaondoka, na hawakurudi tena. Binti alikuwa mdogo wakati huo, akabaki kasimama kati ya mama yake na wale wanaoondoka, hajui aende wapi. Huyo ndiye mwanawe wa pekee, na mchumba mwenyewe, mpimaji ardhi mpole, alimpenda kweli kweli. Kumharibia tena? Thubutu!

"Sitacheka," akasema Bi Kwakwakwa. "Nikicheka, nisiitwe mama yako."

Jumamosi mchana sebule iling'aa. Viti vimefunikwa vitambaa vilivyopigwa pasi, chai ipo, biskuti zipo, na mfukoni mwa Bi Kwakwakwa ipo pini ya kujichoma paja. Wakaingia mchumba, mama yake, na nyuma yao Hakimu: suti nyeusi, masharubu mazito, sauti ya kufunga watu. Alikaa, akachukua biskuti, akaanza.

"Sisi," akasema, "ni ukoo wa staha." Akachovya biskuti kwenye chai. Nusu ikazama. Hakushtuka. Akaivua kwa kijiko huku anaendelea na staha, na biskuti ikamponyoka, akaivua tena, ikamponyoka. Bi Kwakwakwa akajichoma pini. Kipande kikafika mdomoni, ila chembe moja ikabaki kwenye masharubu, na kila akisema staha chembe inapanda, inashuka. Mama wa mchumba alikuwa kakodolea macho dari kama anasoma kitu. Bi Kwakwakwa akajichoma tena, akakumbuka jino, akakumbuka kodi ya nyumba. Binti akamkamata mkono akaubana.

"Katika ukoo wetu," Hakimu akahitimisha, "hutamkuta mtu mzima na mambo ya kitoto." Chembe ikadondokea kwenye tai.

Kwiii.

Hakimu akaganda. "Nini hiyo?"

"Mlango, mzee," binti akadakia.

Lakini Hakimu hakutazama mlangoni. Alitazama nyuma yake. Jasho lilikuwa limemtoka. Polepole akapandisha mguu mmoja juu ya kiti, akapandisha wa pili, akachuchumaa pale na suti yake, kakumbatia mto. "Msisogee," akanong'ona. "Ukisogea ndipo anapokuja. Kimya hiki nakijua. Kimya hiki kimeniua mara kumi na saba."

Basi, hapo hata malaika angecheka. Kwa-kwa-kwa-kwaaa! Hakimu aliruka akajitosa nyuma ya pazia, viatu vyake vikabaki juu ya zulia.

"Baba mkubwa?" mchumba akauliza, haamini. "Si ulituambia usiku unasoma sheria?"

Bi Kwakwakwa alikuwa kaziba mdomo kwa mikono yote miwili. Ndipo akauona uso wa binti yake. Binti alikuwa kainamia sakafu, kama alivyoinamia udongo siku ile. Kicheko kikakatika chenyewe. Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka.

"Nisamehe, mwanangu," akasema. "Nimekuharibia tena. Mimi nakaa jikoni, nyinyi zungumzeni." Akainuka.

"Mama mkwe, subiri." Sauti ilitoka kwenye pazia, na haikuwa ya kufunga watu tena. "Yule ni wewe?"

"Ni mimi, mzee."

Hakimu akajitokeza nusu, pazia la maua limemfunika mabega kama khanga. "Mimi nilifika mwisho wa mchezo. Kwenye chumba cha mwisho Dubu Mcheshi anasimulia kisa chake. Wale watu aliwapenda, mama mkwe. Wakamshona mdomo kwa ajili ya wageni! Maisha yangu yote kortini sikuwahi kudondosha chozi. Pale nililia, na simu mkononi. Na mpaka leo najiuliza: ile sindano aliishika nani?"

"Ni hadithi tu, mzee. Niliitunga nikiwa najaza pamba."

Binti hakuwahi kuucheza ule mchezo, wala kukisikia kile kisa mpaka hapo. Akainua uso akawatazama wageni waliokaa kwa mstari, vikombe mkononi.

"Niliishika mimi," akasema. "Nilimwambia mama yangu asicheke. Kwa ajili yenu."

"Hapana, mwanangu, hukuwa na..."

"Ni mimi, mama. Tangu mdogo nakukataza. Hata mimi mwenyewe nilijikataza..." Machozi yakamlenga. Akatafuta pa kutazama, na macho yakaangukia kwa Hakimu mstaafu, kavaa pazia, soksi imetoboka, kidole gumba kinachungulia, anasikiliza kwa makini kama yuko kwenye kiti cha enzi. Midomo ya binti ikatetemeka. Akaibana. Ikagoma.

Kwiii.

Kimya. Hakimu akageuka pole pole kumtazama Bi Kwakwakwa. Bi Kwakwakwa alikuwa kaziba mdomo, anatikisa kichwa: si mimi.

"Basi ni nani?" Hakimu akanong'ona.

Kwa-kwa-kwa-kwaaa! Vibanio vya nywele vikafyatuka, sahani ya biskuti ikaenda chini, binti wa kunong'ona akajipiga mapaja mpaka kiti kikasogea.

"Mtoto wa nyoka ni nyoka!" Hakimu akapiga yowe, akarudi kwenye pazia. "Wako wawili! Mlitakiwa mtuambie mapema!"

Mama wa mchumba alikuwa kamwangukia mwanawe begani, hana mbavu. Mchumba alimtazama mwanamke aliyedhani anamjua, akacheka huku anasema, "Muda wote huu ulikiweka wapi?" Kutoka nyuma ya pazia likaja agizo kwamba harusi ipangwe haraka, yeye moyo wake hauna muda mrefu, ila sauti yake ikamezwa na vicheko.

Ukimtoa Hakimu, mtu mmoja tu hakucheka. Bi Kwakwakwa alikuwa hajakisikia kicheko kile tangu mumewe alipokuwa anamrusha mwanawe juu na kumdaka. Alidhani walikizika pamoja naye. Alisimama kando ya meza akilia kimya kimya, anaogopa hata kuhema. Binti akanyoosha mkono kuomba maji. Bi Kwakwakwa akamimina glasi ikajaa, akaishika, na hakumpa. Angekunywa, angetulia.