Ukuta wa Mama Yar

Ekiru alizipitia picha zake zote, ya kwanza hadi ya mwisho, akarudia tena, na Mama Yar hakuwemo. Kutu ya mabati ilikuwemo. Nyaya za umeme za Lodwar zilikuwemo, na vivuli vya vibanda, na mafuta ya gari yaliyomwagika kwenye lami yakatoa rangi za ajabu. Mtu hata mmoja, hakuna.

Kazi yake ilikuwa kutengeneza pampu za maji. Picha zilikuwa starehe yake tu. Wenzake Lodwar walimwita Bwana Kutu, naye alicheka nao, kwani moyoni alijiona amewazidi. Nyuso, alisema, kila mwenye simu anapiga. Yeye alitafuta mistari. Basi kila kazi ilipompeleka kambini Kakuma, alipitia kwa Mama Yar, mjane wa Sudan Kusini, akaandaliwa chai, na akaupiga picha ukuta wake wa udongo mpaka chai ikapoa.

Sasa Yar, binti wa mama huyo, alikuwa amempigia simu. Mvua ya Aprili ilikuwa imebomoa nyumba yao, ikaondoka na sanduku, simu na kila picha waliyokuwa nayo. Mwezi uliofuata, homa ikamchukua mama mwenyewe.

"Jumapili tuko na maombi," Yar alisema. "Tunataka kuweka picha yake kwa meza, karibu na msalaba. Mimi niliambia watu wasijali, Ekiru iko nayo. Si wewe ulikuwa unapiga picha hapa kila mara?"

"Nitaleta," Ekiru alijibu. Alipaswa kusema ukweli palepale, lakini aibu ilimziba mdomo.

Kilichomuuma zaidi ni siku moja aliyoikumbuka vizuri mno. Mama Yar alitoka kanisani na gauni jipya, akaja kusimama mbele ya ukuta, akajiweka sawa, akatabasamu. Ekiru akamwambia, "Mama, sogea kidogo, unanizibia." Mama akasogea. Wala hakununa, alikwenda kumletea sukari.

Jumapili asubuhi alifika Kakuma na picha moja tu, ile aliyoipenda kuliko zote, imechapishwa kubwa na kufungwa kwa gazeti. Ilikuwa picha ya ukuta. Hakuwa na kingine cha kuleta, na kwenda mikono mitupu alishindwa.

Yar alimpokea nje ya hema la turubali, akamsalimu kwa Kiturkana. "Ejok, kaka."

"Ejok noi." Ekiru alikataa kiti. "Yar, nisamehe. Nilikudanganya. Mama sina. Niko na ukuta tu."

Yar aliipokea picha. Alilifungua gazeti taratibu, akaitazama picha muda mrefu hata wanawake waliokuwa wakiosha vikombe wakaacha. Palikuwa na udongo tu, na alama za vidole vilivyoulainisha ulipokuwa mbichi: mstari mmoja, nafasi, mistari miwili. Tena mstari mmoja, nafasi, mistari miwili, toka juu hadi chini. Ekiru alijivunia mpangilio ule miaka miwili mizima, na hakuwahi kujiuliza umetoka wapi.

"Hii kidole ya katikati," Yar alisema, akiigusa ile nafasi, "ilibaki kwetu Sudan, kwa vita. Hapa ndiyo haiko. Hii ni mkono ya mama."

Ekiru akakaa kwenye kile kiti alichokikataa. Mara ngapi alipokea kikombe kutoka mkono ule, na hata siku moja hakuutazama.

Yar aliweka kiganja chake juu ya picha, kwenye mistari. Yeye vidole vyake vilikuwa vimetimia, kimoja kikaangukia mahali patupu. Hapo ndipo alipolia, na wale wanawake wakaja kumshika.

Picha iliwekwa mezani, karibu na msalaba, na maombi yakasomwa mbele yake.

Watu walipoanza kutawanyika, Yar alivuta kiti akaketi kando ya meza, akajifuta uso kwa upindo wa leso.

"Kamera iko?"

"Iko."

"Nipige. Uso. Mimi nikikufa, sitaki ukuje na ukuta."

Ekiru aliinua kamera. Akaishusha, akaiinua tena. Yar akadhani amekaa vibaya, akaanza kusogea.

"Usisogee," Ekiru alisema. "Tafadhali, Yar. Kaa hapo hapo."